Mbona yule kaja nyuma yetu kaingia kwanza? Jinsi ya kwenda sawa na watu wa emajensi

Hilo swali hapo juu nimeulizwa kuliko lingine lolote tangu nianze unesi kitengo cha dharura. Naulizwa kwa upole, naulizwa kwa matusi, na kuna baba mmoja aliniuliza huku kaushikilia mlango nisipite. Namuelewa, maana mgonjwa wako ni wako, wa mwenzio humuoni. Ila acha niwaeleze kidogo mambo yanavyokwenda kule ndani, ili siku ikikukuta ujue uongee na nani, useme nini na nini usifanye. Mimi niko hospitali ya serikali hapa Dar, kwa hiyo nitaongea ya huku kwetu, wa Kenya na kwingine mtaona wenyewe yanayofanana.

Kwanza foleni. Emajensi hakuna foleni ya aliyewahi, kuna foleni ya aliye karibu kufa. Ile meza ya mwanzo unapopimwa presha inaitwa triaji, na yule nesi uliyemkuta pale keshaanza kazi kabla hujafungua mdomo, anaangalia umeingiaje, unatembea au umebebwa, sentensi unaimaliza au unakata katikati kuvuta pumzi, midomo ina rangi gani. Afu ndo anapima presha, mapigo, anahesabu pumzi kwa dakika, joto, ile klipu ya kidoleni ya oksijeni, na wengi anawatoboa kidole aone sukari. Anajumlisha anakupa rangi. Nyekundu anaingia hapo hapo, hata kama kaja sekunde hii na hana hata jina. Wa njano anasubiri kidogo huku anaangaliwa. Kijani anasubiri, na siku mbaya anasubiri sana, na nikikudanganya kwamba ni nusu saa utakuja kunitukana kwa haki kabisa.

Kwa hiyo wewe wa mguu uliovunjika unaumia kweli, unalia kweli, lakini yule mzee aliyeingizwa kimya kimya kwenye kiti cha magurudumu kaloa jasho na kashika kifua ndo anatukimbiza. Na watoto ni hivyo hivyo, anayelia kwa sauti ana pumzi ya kulia nayo, mtoto anayenitetemesha mimi ni yule kalegea mgongoni kwa mama yake, hata nikimchoma sindano hashtuki.

Sasa cha kufanya ukiwa unasubiri. Rangi haigandi, mtu anaweza kuingia njano saa nne akawa nyekundu saa tano, na nesi mmoja mwenye watu arobaini kwenye mabenchi anaweza asione. Wewe ndo jicho lake. Ila namna ya kumwambia ina kazi yake. Ukija na "nyie watu vipi, mgonjwa wetu anakufa huku mnatuangalia", hiyo naisikia mara ishirini kwa shifti, sikio limeshaota sugu. Njoo useme hivi: "Sista, alikuwa anaongea, sasa haongei." "Alikuwa amekaa, sasa hawezi kukaa." "Damu ilikuwa imesimama, imeanza tena." Alikuwa hivi, sasa yuko hivi. Hapo nitaacha ninachofanya, nakuhakikishia, na nisipoacha piga kelele.

Na ukifika tu mezani anza na kilichokuleta leo. Watu wetu tunapenda kuanza na Jumatatu, "Jumatatu aliamka vizuri tu akaenda shamba, Jumanne ndo akasema kichwa, tukampa panadoli", unafika Alhamisi ndo unasema kumbe tangu asubuhi mkono wa kushoto haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Mama yangu, hilo ndo lilikuwa la kwanza! Sema haya mapema kabla ya jina na kabla ya kadi: hapumui vizuri, kifua kinambana, upande mmoja umekufa, kazimia, kapata degedege, anatapika damu, kaumwa na nyoka, kanywa sumu, ana mimba na anatoka damu au kichwa kinamuuma sana na macho hayaoni vizuri. Na kwa huyu wa mdomo kwenda upande kuna swali tutakuuliza mpaka utachoka: mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Sio saa mliyomkuta kaanguka, saa ya mwisho mtu kumuona akiwa mzima. Kiharusi kinahesabiwa kwa masaa, na kuna matibabu ambayo muda ukipita hayatolewi tena. Kama alilala saa nne usiku yuko vizuri na mkamkuta hivyo alfajiri, jibu ni saa nne usiku.

Utaulizwa mambo yale yale na watu watatu wanne. Nesi wa mezani, afu intern, afu daktari, afu akija bingwa anaanza upya. Watu wanachukia, "si nimeshamwambia yule dada?" Kwanza sio kila mwenye koti jeupe ni daktari, kuna tabibu, kuna intern ambaye kamaliza shule juzi tu, kuna mhudumu anayesukuma machela, na sio vibaya kabisa kuuliza "samahani, wewe ni nani kwenye timu?" Pili, mtu akieleza mara ya tatu ndo anakumbuka kile alichokisahau. Kuna dada alisema mara mbili hatumii dawa yoyote, mara ya tatu ndo akasema labda hii ya kuyeyusha damu, kumbe anaimeza kila siku kwa miaka, na alikuwa kajigonga kichwa. Hiyo dawa moja ilibadilisha usiku wake wote.

Kuhusu ukweli nikae hapa kidogo maana ndo panapoua. Sisi sio polisi, sio mashemeji zako, na sio kanisa. Kama binti katoa mimba, sema. Kama kuna ARV nyumbani, sema, na kama hutaki shemeji asikie, niombe tusogee pembeni, nitamtuma shemeji akanunue maji. Kama kanywa sumu kwa kusudi, sema ni sumu gani na njoo na chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, hata ikiwa mfuko umechanika. Dawa ya panya, dawa ya magugu na dawa ya kupulizia mazao sio kitu kimoja. Kuna za kupulizia zinamtoa mtu mate na jasho na mboni za macho zinakuwa kama tundu la sindano, hizo tuna dawa yake na tunaijaza mpaka kifua kikauke, wakati ya magugu inataka mambo mengine kabisa. Bila chupa tunabahatisha. Na tafadhali msimtapishe, hasa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, mafuta yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo shida inaanza. Maziwa pia acheni.

Na dawa za kienyeji semeni jamani. Sitakucheka, bibi yangu mwenyewe alikuwa anachemsha majani. Ila mtoto akija figo zimesimama na nyie mmenyamaza kuhusu ile sufuria, mnatuchelewesha. Kuna hili la degedege hasa huku pwani, kwamba ni ndege au ni shetani na mtoto akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo anapitishwa kwanza kwa mganga, anafukizwa, anakuja kwetu saa nane usiku kachoka. Na kweli wengine wanafia kwetu wakiwa wameshachomwa, na bibi anarudi mtaani anasema "si niliwaambia sindano". Aliyemmaliza ni malaria iliyopanda kichwani, au sukari iliyoshuka, na masaa yaliyopotea njiani. Sindano ya malaria kali tunaipiga kwa kilo, na mtoto wa chini ya kilo 20 anapata nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko mtu mzima, kwa hiyo beba kadi ya kliniki ya mtoto, ile yenye uzito. Akiwa kwenye degedege nyumbani mlaze ubavu, toa vitu vya kumgonga, na usimtie kijiko mdomoni. Nimeshatoa jino la mtoto kooni kwa sababu ya kijiko.

Nimeingia kwenye ya nyumbani, basi nimalizie haya mawili haraka. Kaungua? Maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, basi. Sio dawa ya meno, sio ute wa yai, sio asali wala unga, maana hiyo dawa ya meno mimi ndo nitakuja kuibandua juu ya kidonda ili nione kimekwenda ndani kiasi gani, na kilio cha hapo kinazidi cha kuungua kwenyewe. Ajali ya bodaboda? Msimpakie majeruhi mshikaki katikati ya watu wawili kichwa kinaning'inia. Tafuteni gari, hata kirikuu, alale kwenye kitu kigumu na mtu amshike kichwa kisigeuke. Mjamzito au kichanga kikizidiwa kuna 115, ile ya m-mama, ni bure na inatafuta usafiri hata kama ambulansi haipo karibu.

Sasa ndugu. Yani sisi tunaumwa kiukoo. Mgonjwa mmoja, watu tisa, na kila mmoja anataka kuelezwa kivyake, na mjomba wa Morogoro yuko kwenye simu kaweka spika. Chagueni mdomo mmoja, mtu mwenye akili iliyotulia, sio lazima awe mkubwa. Huyo ndo abaki karibu, ajue mgonjwa anatumia dawa gani, awe na simu yenye chaji na namba ambayo tukipiga inapokelewa. Mwingine ashughulikie hela na makaratasi. Waliobaki wakae nje, wakitaka kusaidia wakachangie damu.

Na hii damu. Damu haiuzwi, mtu akikuomba hela ya chupa ya damu pembeni huyo ni tapeli, muulizie jina. Tunachoomba ni ndugu warudishe benki walichochukua. Utasikia "mimi ni group A yeye O, yangu haimfai". Hatukutoi wewe tukamtie yeye moja kwa moja kama tunahamisha petroli. Yako inapimwa, inaingia benki, inamfaa mwingine. Uwe na miaka 18 na kuendelea, kilo 50 au zaidi, umekula, basi.

Chakula nako. Mama kaona mwanae hajala tangu asubuhi, anachomoa chupa ya uji pale pale kwenye machela. Kuna kijana alikuwa anasubiri kupasuliwa tumbo, timu iko tayari, nageuka nakuta anamalizia kikombe cha chai ya maziwa na andazi. Tumbo likiwa na kitu, akilazwa usingizi kinaweza kurudi kikaingia kwenye mapafu, kwa hiyo upasuaji ukasogezwa masaa, na mama huyo huyo ndo wa kwanza kulalamika kwamba tunachelewesha. Uliza kwanza, hata maji.

Hela. Aliye nyekundu anahudumiwa kwanza, malipo yanafuata nyuma, huo ndo utaratibu na una haki ya kuudai. Wenzetu Kenya wameiandika mpaka kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ila nisiwadanganye, kuna siku dawa imeisha kwenye stoo na utapewa karatasi ukanunue nje, na kuna siku mashine iko chini. Ukitumwa, ujue nesi aliyekuandikia naye kakereka, labda hata kuliko wewe, kwa sababu yeye kesho atamtuma mwingine. Huna kitu kabisa? Usimkimbie cashier kimya kimya, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii, kila hospitali ya serikali ya kiwango hiki anaye, ndo anayeangalia nani apate msamaha. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana utaratibu wao, ulizia.

PF3 ni stori nyingine. Ajali au kupigwa, hospitali inataka ile fomu ya polisi. Lakini anayevuja damu anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Gawaneni, mmoja abaki na mgonjwa, mmoja aende kituoni, na hospitali nyingine zina askari hapo hapo ndani. Mkiambiwa mrudi wote na majeruhi wenu mpaka kituoni huku damu inatoka, hapo msiondoke, muulizieni in-chaji, yani msimamizi wa shifti.

Ndo tuje kwenye midomo yetu. Najua manesi tunasemwaje. Na siwezi kuwatetea wote, kuna wenzangu wana kauli ambayo hata mimi nikiisikia naona aibu, na kuna usiku mimi mwenyewe nimemjibu mtu vibaya nikaja kulifikiria kwenye daladala narudi nyumbani. Ila nikupe picha ya usiku mmoja. Tulikuwa na mtoto wa miaka minne nyuma ya pazia, tulimkandamiza kifua kwa zamu mpaka daktari akasema tuache. Nikatoka, nikanawa mikono, nikakaa mezani nikatoa simu. Kaka mmoja kwenye benchi akasema kwa sauti watu wote wasikie, "ona, manesi wa serikali hawa, wagonjwa tumejaa yeye yuko WhatsApp." Nilikuwa natafuta namba ya baba wa yule mtoto, kaenda kutafuta hela. Na siku nyingine simu ni kalkuleta ya dozi, siku nyingine namtumia bingwa picha ya eksirei, na siku nyingine, eeh, niko WhatsApp, dakika mbili. Uso wangu ukiwa mkavu usidhani ni wewe. Nimetoka kitanda cha tatu kuja kwako kitanda cha nne na kati yao kuna pazia tu, sina mahali pa kubadilishia sura.

Mtu akikutukana kweli, au akikuomba chochote cha mkononi, fanya hivi. Soma jina lake kwenye kitambulisho. Sema "naomba kuonana na in-chaji wa shifti." Kwa sauti ya kawaida, maana ukipaza tu unageuka wewe ndo kesi, mlinzi anaitwa, na lililokuleta limesahaulika. Namba za uongozi huwa zimebandikwa ukutani, piga picha. Usimpige mtu. Mwenzangu kapigwa kofi na ndugu wa mgonjwa, akaendelea na shifti mpaka asubuhi kwa sababu hakukuwa na wa kumpokea.

Kuna muda wa kuuelewa pia, kwetu ni kama saa moja na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni, tunakabidhiana. Utaona manesi na madaktari wamesimama kundi wanaongea kitanda hadi kitanda, hakuna anayekusikiliza. Hawapigi umbea, wanaambizana nani ana nini na nini kimebaki, na kikirukwa kitu hapo mgonjwa wako ndo anaumia. Swali la kawaida lisubiri dakika kumi na tano. Akibadilika, usisubiri hata moja.

Na kama tumekutoa nje ya pazia, usidhani tunaficha. Kuna nafasi ya watu sita na mashine, ukisimama hapo unamzuia anayebana puto la hewa. Akitoka mtu akakuita kwenye kachumba pembeni, kaa kwenye kiti, usisimame. Zamani tulikuwa tunasema "hali ya mgonjwa imebadilika", na mama mmoja aliwahi kunijibu "Mungu ni mwema, kumbe anaendelea vizuri," sijui hata nilitokaje pale. Siku hizi tunafundishwa kutamka neno lenyewe, amefariki. Ni zito, ila ukilisikia hutabaki unajiuliza. Uliza maswali yote unayotaka, hata kesho yake rudi uulize.

Na mjue huu mfumo wenyewe bado ni mchanga. Idara ya dharura ya Muhimbili, ile kamili, imeanza 2010, na mafunzo ya mabingwa wa fani hii hapa nchini yameanza mwaka huo huo. Kabla ya hapo ilikuwa kasualti, anakupokea aliyepo, anakupeleka wodini, Mungu anajua. Kwa hiyo ukikutana na daktari kijana anayejiita bingwa wa dharura usimuone ni mtoto, hao wazee wa fani unaowatafuta bado hawajazeeka.

Mwisho ukiruhusiwa, usiondoke mbio. Dai karatasi iliyoandikwa umepimwa nini na umepewa nini, maana ukirudi wiki ijayo mimi sitakuwepo na faili linaweza lisionekane. Uliza "nikiona nini nirudi leo leo?" sio "nirudi lini" tu. Dawa, kabla hujatoka getini, rudia kwa mdomo wako jinsi ya kuzimeza nikusikie. Na angalia mkono wako kama ile kanula, kale kamrija ka kupitishia dripu, imetolewa. Kuna kaka aliondoka nayo mpaka Mbagala, akalala nayo, kesho yake karudi kavaa shati la mikono mirefu kwenye hili joto, anaingia kaificha kama kaiba kitu, ananiambia "sista, nimewaletea sindano yenu."